"Untutored" na Jamaa Zake: Neno Lipi Limfae Mtu Ambaye Hakufundishwa?

Mfasiri anayefanya kazi kati ya Kiingereza na Kiswahili hukutana mara kwa mara na kundi la vivumishi ambavyo kwa kuvitazama haraka vinasema jambo moja, yaani hali ya mtu, sauti au akili iliyobaki kama ilivyozaliwa bila mkono wa mwalimu kuigusa: "untutored", "untrained", "unschooled", "self-taught", "naive", "natural", "raw" na "artless". Anayetaka kumsifu mwimbaji kwa Kiingereza, au anayetaka kuleta kwa Kiswahili tathmini iliyoandikwa na mhakiki wa London, huchagua mojawapo kwa kubahatisha na kuendelea na kazi yake. Matokeo yake ni kwamba mtu aliyefundishwa miaka mingi huandikwa kuwa hakufundishwa, na mtu aliyejitahidi kupita kiasi huandikwa kuwa amezaliwa tu hivyo. Kila moja kati ya maneno haya hutaja upungufu wa kitu chake, na baadhi yake hayataji upungufu wowote. Naanza na "untutored", kwa sababu ndilo lenye historia nzito kuliko mengine na ndilo linalohitaji tahadhari kubwa zaidi likiingia katika Kiswahili.

Mtu asiye na wa kumlea

Neno "tutor" limetoka katika Kilatini, ambako halikuwa na maana ya mwalimu. Katika sheria ya Waroma lilimtaja mlezi aliyekabidhiwa mtoto yatima pamoja na mali yake mpaka afikie umri wa kujisimamia. Baadaye, katika Kiingereza, likawa jina la mwalimu anayemshughulikia mwanafunzi mmoja mmoja, na katika vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge maana hiyo ya ulezi ingali hai hadi leo. Kwa hiyo "untutored" halimtaji mtu asiyejua kitu. Linamtaja mtu ambaye hakuwa na mlezi wa kuiongoza akili yake, akayapata aliyoyapata bila kushikwa mkono.

Kiingereza kimelitumia neno hili kwa nia mbili zinazopingana. Mwaka 1594 Shakespeare alipomtolea Mtemi wa Southampton shairi lake refu, aliyaita maandishi yake mwenyewe "untutored", na hapo neno lilikuwa la unyenyekevu: mshairi anajishusha mbele ya mfadhili wake, na msomaji anajua kwamba ni adabu tu. Mwaka 1733 mshairi Mwingereza Alexander Pope alilitumia neno hilohilo kuielezea akili ya mwenyeji wa asili wa Marekani, anayemwona Mungu katika mawingu na kumsikia katika upepo. Pope hakukusudia tusi la wazi, na mistari yake ina huruma ndani yake. Hata hivyo alikuwa anawasema watu waliokuwa na wazee wao, masimulizi yao na njia zao za kulea vijana, na kwa neno moja akawafuta walimu wao wote. Tangu hapo kivuli hicho kimelifuata neno hili, na kinaonekana zaidi linapoandikwa na mtu wa nje kuhusu Mwafrika, Mhindi au mkazi wa visiwani.

Katika Kiingereza cha leo "untutored" ni neno la maandishi ya kifasihi na la uhakiki wa sanaa. Huambatana na nomino chache zinazojulikana: jicho, sikio, akili, sauti, ladha. Huweza pia kufuatwa na jina la uwanja fulani, kama katika kumsema mtu kuwa "untutored" katika desturi za ikulu, yaani hajafunuliwa mambo ya huko, na katika matumizi haya dharau hupungua kwa kuwa upungufu umewekewa mpaka. Halifai katika tangazo la kazi, katika ripoti ya wizara wala katika barua ya kumpendekeza mtu.

Tatizo la Kiswahili linaanzia kwenye mzizi wetu wenyewe. Tunao mzizi mmoja uliozaa fundi, mafunzo, mafundisho na mwanafunzi, na ndani ya familia hiyo kuna kitenzi kufunda, ambacho kwa maana yake kiko karibu sana na ile "tutor" ya zamani. Mwari hufundwa na kungwi au somo wake, mtu maalumu aliyepewa dhamana ya kumlea katika kipindi kimoja cha maisha, kumfunza siri za utu uzima na kumsimamia hadi atoke. Kwa hiyo mfasiri huvutwa kuandika kwamba mwimbaji fulani ana sauti "isiyofundwa", au kwamba yeye mwenyewe "hakufundwa". Neno linalingana na lile la Kiingereza kwa asili, lakini halilingani hata kidogo kwa uzito. Kumwambia mtu wa pwani kwamba hakufundwa ni kumwambia kwamba hana adabu na kwamba mama yake hakumlea, na ndiyo maana wahenga walisema kuwa asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Lawama hiyo haimo katika "untutored". Mimi hupendelea kuandika "ambaye hakupitia mikononi mwa mwalimu". Maneno yanakuwa mengi, lakini heshima ya anayetajwa inabaki mahali pake.

Hapa ndipo mfano wa Zanzibar unapokata mzizi wa mjadala. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, hakujua kusoma wala kuandika, na maelezo mafupi ya Kiingereza kuhusu mtu wa namna yake huweza kukimbilia neno "untutored". Ni kosa la ukweli, achilia mbali la lugha. Alipofika mjini alifundishwa kuimba na Ali Muhsin, na aliporekodi santuri zake Bombay mwaka 1928 alikuwa msanii aliyefunzwa hasa, aliyejua kuimba kwa Kiarabu na kwa Kiswahili mbele ya wasikilizaji wajuzi. Alichokosa ni darasa na kalamu. Mwalimu alikuwa naye. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, anazidi kulipindua neno hili juu chini, kwa maana yeye alizichukua nyimbo nyingi kwa kumsikiliza Siti, na zaidi ya hayo alikuwa kungwi mashuhuri wa unyago. Kumwita mwanamke aliyewafunda wengine kuwa "untutored" ni kumnyima mwalimu jina lake.

Darasa, chuo na cheti

Ukiondoa suala la mlezi, swali linalofuata ni la taasisi, na hapo "unschooled" na "untrained" huachana njia. "Unschooled" humtaja mtu ambaye hakuingia shule. Kwa Kiswahili tunasema hakusoma, au hakuona mlango wa shule, na hakuna shida kubwa katika tafsiri hiyo isipokuwa moja ambayo ni ya kwetu hasa. Katika pwani ya Kiswahili mtoto alipelekwa chuoni, yaani kwa mwalimu wa Kurani, karne nyingi kabla ya shule za wakoloni, na huko alijifunza kusoma na kuandika hati za Kiarabu. Mwana Kupona binti Mshamu, aliyemtungia bintiye utenzi wa nasaha mwaka 1858, hakuingia shule ya Kizungu, naye aliandika kwa ufundi ambao wanafunzi wa vyuo vikuu wanauchambua mpaka sasa. Zaidi ya hayo, utenzi wenyewe ni tendo la kufunda: mama anamlea binti kwa beti. Atakayeandika "unschooled" kuhusu watu wa zama hizo na hajabainisha ni shule ipi, atakuwa ameandika jambo ambalo ni kweli kwa kipimo kimoja tu, na kipimo chenyewe ni cha mgeni.

"Untrained" ni neno la ofisi na la kazi. Halihusu malezi wala utamaduni wa mtu. Linauliza kama amepitia mafunzo yanayotambuliwa kwa kazi maalumu. Nchini Kenya, kwa mfano, mwalimu anayeshika chaki darasani kabla ya kupitia chuo cha ualimu huitwa kwa Kiingereza "untrained teacher", na hilo limewahi kuwa daraja la ajira. Anaweza kuwa amefika kidato cha nne na kufaulu vizuri, kwa hiyo si "unschooled", na anaweza kuwa alilelewa na babu msomi, kwa hiyo si "untutored". Kwa Kiswahili namwandika kuwa "mwalimu asiye na mafunzo ya ualimu", na ningependa jina la mafunzo litajwe kila mara, maana "asiye na mafunzo" peke yake huacha wingu la dharau.

Katika afya tofauti hii huwa na uzito mkubwa zaidi. Kwa miaka mingi nyaraka za Kiingereza ziligawanya wakunga wa jadi katika makundi mawili, waliopewa mafunzo na wasiopewa. Tamko la pamoja la mwaka 2004, lililotolewa na Shirika la Afya Duniani pamoja na mashirikisho ya kimataifa ya wakunga na ya madaktari wa wanawake na uzazi, lilimfafanua mhudumu mwenye ujuzi wa uzazi kwa namna iliyowaacha nje wakunga wa jadi wote, hata wale waliopitia kozi fupi. Kwa hiyo katika nyaraka hizo "untrained" na "unskilled" si kitu kimoja: mkunga anaweza kuwa "trained" na bado akahesabiwa kuwa hayumo katika kundi la wenye ujuzi unaotakiwa. Mfasiri anayeyaunganisha maneno hayo mawili katika "asiye na ujuzi" anabadilisha sera ya afya katika ukurasa wake, na kwa upande mwingine anamvunjia heshima mwanamke aliyewapokea watoto wa kijiji kizima.

Yapo maneno ya kawaida ya Kiingereza ambamo "untrained" na "untutored" hupokezana, hasa katika kulisema jicho, na hapo uamuzi ni mwepesi ukiangalia kazi ambayo jicho linafanya. Kwa jicho lisilozoea, tanzanaiti ya Mererani na yakuti samawi zinaweza kuonekana sawa, na jicho hilo ni "untrained", kwa kuwa ujuzi unaotakiwa ni wa mazoezi na vipimo. Mtu anayesimama mbele ya mchoro akashindwa kuona kwa nini unasifiwa, huyo jicho lake ni "untutored", kwa sababu alichokosa ni mtu wa kumfungulia ladha. La kwanza nalitafsiri kwa "jicho lisilozoea", na la pili kwa "jicho la asiye mjuzi wa sanaa".

Aliyejifunza mwenyewe, na anayeitwa mnyofu

Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 juu ya vipande vya mbao za kiwandani, kwa rangi za mafuta za kung'aa zinazotumiwa hata kupaka baiskeli. Hakusomea sanaa popote. Kwake yeye neno sahihi la Kiingereza ni "self-taught", yaani aliyejifunza mwenyewe, na nalipenda neno hili kuliko mengine yote katika kundi kwa sababu linamtaja mwalimu: mwalimu alikuwepo, naye ni yeye mwenyewe. "Untutored" huacha nafasi tupu mahali hapo. Mtu mmoja anaweza kustahili yote mawili, lakini moja linahesabu juhudi na jingine linahesabu pengo.

Kosa hutokea pale neno hilo linapotandazwa juu ya wachoraji wote wanaofuata mtindo wake. Kabla hajauawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, Tingatinga alikuwa amekwisha kuwachukua vijana kadhaa, wengi wao jamaa zake, akawafundisha kazi kwa kuwaweka kando yake. Waliofundishwa naye wakafundisha wengine, na tangu mwaka 1990 chama chao cha ushirika kimekuwa kikiendeleza utaratibu huohuo wa mwanagenzi na fundi. Mchoraji wa leo anayepiga mandhari kwa ustadi, akapanga madoa ya chui bila kurudia mstari, amefundishwa, na kwa wengine mafunzo hayo huchukua miaka. Kwa Kiingereza hawezi kuwa "self-taught", na "untutored" kwake ni uongo mtupu. Kiswahili hakina tatizo hapa: kinamwita fundi, na nyuma ya fundi daima kuna mtu aliyemfunza.

Badala ya maneno hayo, wahakiki wa Ulaya mara nyingi wameuweka mtindo huu katika kundi la sanaa wanayoiita "naive". Neno hili limetoka katika Kifaransa, na asili yake ya Kilatini ni ileile iliyozaa "native": kilichozaliwa nacho, kilicho cha asili. Katika sanaa lilipata maana maalumu kupitia wachoraji kama Henri Rousseau, aliyeishi kati ya mwaka 1844 na 1910, mtumishi wa ushuru jijini Paris ambaye alichora misitu ya nchi za joto ingawa hakuwahi kutoka Ufaransa, akiitazama mimea yake katika bustani za jiji. Kwa Rousseau "naive" ni jina la mtindo: rangi bapa, umbali usiopimwa kwa kanuni za chuo, uwazi wa maumbo. Katika mazungumzo ya kawaida, hata hivyo, neno hilohilo linamtaja mtu mwepesi wa kudanganywa, asiyejua hila za dunia, na msomaji wa kawaida wa Kiingereza husikia maana hii kwanza. Kwa hiyo katika orodha ya maonyesho "naive" linaweza kuandikwa endapo muktadha wa historia ya sanaa uko wazi, lakini katika wasifu wa msanii aliye hai ningelikwepa. Kwa Kiswahili tafsiri ya "sanaa ya kijinga" ni maafa, na "sanaa ya kienyeji" nayo hupotosha, kwani humfunga msanii katika kabila na kijiji wakati kinachozungumzwa ni jinsi anavyopanga umbo na rangi. "Sanaa isiyofuata kanuni za chuo" husema kinachotakiwa.

Sifa inayopora jasho

"Natural" ndilo neno linaloonekana jema kuliko yote, nalo ndilo ninaloliogopa zaidi baada ya "untutored". Likisimama na kipaji, sauti au uongozi, linasifu: alizaliwa nacho, hakukitafuta. Sifa hii inamfaa mtoto wa miaka saba anayepiga ngoma bila kukosea. Linapobandikwa juu ya wakimbiaji wa Kenya linakuwa jambo jingine. Eliud Kipchoge alipokimbia kilomita 42 na ushei huko Vienna mwaka 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, nyuma yake kulikuwa na kambi ya Kaptagat, miaka mingi ya kuamka alfajiri, na kocha Patrick Sang, ambaye mwenyewe alitwaa medali ya fedha ya mbio za kuruka viunzi na maji katika Michezo ya Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992. Kumwita "natural" ni kumsifu kwa kitu ambacho hakukifanyia kazi na kunyamazia kile alichokifanyia kazi. Linganisha na jinsi mwogeleaji wa nchi tajiri anavyoelezwa kwa nidhamu yake, kocha wake na maabara yake. Mwandishi anayetaka kutaja kipaji na aandike kipaji, kisha katika sentensi hiyohiyo ataje mafunzo.

Kuna mitego ya zamani pia kwa anayefasiri maandishi ya karne zilizopita. Wakati wa Shakespeare, mtu aliyeitwa "a natural" alikuwa punguani wa kuzaliwa, kinyume kabisa na sifa ya leo. Na katika vitabu vya historia, "natural son" si mwana mwenye kipaji wala mwana wa kawaida: Duke wa Monmouth, aliyekatwa kichwa mwaka 1685, huitwa hivyo kwa sababu alikuwa mwana wa Mfalme Charles wa Pili wa nje ya ndoa.

"Raw" hukaa jirani na "natural", lakini lina ahadi ndani yake. Kibichi kitapikwa, malighafi itapelekwa kiwandani, kuruta atatoka akiwa askari. Kipaji kikiitwa "raw", mwandishi anakubali kwamba kipo na anasema kwamba kinangoja kunolewa, kwa hiyo neno hili linamfaa chipukizi na halimfai mkongwe. Tafsiri yake njema ni "kipaji ambacho hakijanolewa". Angalizo moja linahusu sauti: mhakiki wa muziki anaposema mwimbaji ana sauti "raw", mara nyingi hasemi juu ya mafunzo hata kidogo, bali anaieleza sauti yenyewe kuwa ya kukwaruza, iliyobeba hisia bila kulainishwa. Bi Kidude katika uzee wake alikuwa na sauti hiyo, na kwake "raw" ni maelezo sahihi, ilhali "untutored" ni dhuluma.

Kuhusu "artless" sina mengi. Kwa asili lilimaanisha kukosa ufundi, lakini leo limehama na kuwa sifa ya tabia: tabasamu lisilo na hila, maneno yaliyotoka moyoni bila kupangwa. Likisemwa juu ya mtu ni zuri, na "asiye na hila" hulipokea vyema. Likisemwa juu ya kazi ya sanaa lina hatari, kwa kuwa msomaji mmoja ataelewa unyofu na mwingine ataelewa uzembe.

Tuchukue basi sentensi moja ya Kiingereza ambayo mfasiri anaweza kukabidhiwa, inayosema kwamba bibi fulani wa kijijini huimba kwa "untutored voice". Kabla ya kugusa Kiswahili lazima aulize, kwa barua au kwa simu, ni nani aliyemfundisha bibi huyo kuimba. Kama jibu ni kwamba alimfuata shangazi yake ngomani tangu utotoni, basi sentensi yenyewe ya Kiingereza ina kosa, na mfasiri mwaminifu atamwarifu mwandishi, kisha akikubaliwa ataandika: "Anaimba kwa sauti aliyoirithi kwa shangazi yake, bila kupita chuo cha muziki." Kama jibu ni kwamba hakufundishwa na mtu yeyote, ataandika: "Sauti yake haikupitia mikononi mwa mwalimu." Na kama mwandishi hajui, kwa kuwa hakumuuliza bibi huyo hata mara moja, kivumishi hicho kiondolewe, sentensi ibaki na sauti peke yake.